Kuchagua amplifaya ya hali ya juu: anza na spika zako

Amplifaya jumuishi ni kisanduku kimoja kinachofanya kazi tatu: kuchagua chanzo cha muziki, kupandisha na kushusha sauti, na kusukuma spika. Ukishafika ngazi ya juu ya bei, ni nadra kukuta kifaa kibovu. Kinachowaangusha wanunuzi ni ulinganifu: kifaa kizuri kimefungwa kwenye spika zisizokifaa, halafu lawama zinaenda kwa waya, kwa umeme, hata kwa rekodi. Kwa hiyo kazi ya kuchagua inaanzia upande wa pili wa waya.

Namba tatu za spika

Tafuta usikivu, impidensi ya chini kabisa (upinzani wa spika kwa mkondo wa muziki, unaopimwa kwa omu), na pembe ya fezi (kiasi ambacho mkondo na volti vinapishana kwa wakati, kinachopimwa kwa nyuzi).

Usikivu ni sauti inayosikika mita 1 kutoka kwenye spika ikipewa volti 2.83. Kwenye spika ya omu 8 volti hizo ni wati 1, lakini kwenye spika ya omu 4 ni wati 2. Ndiyo maana spika ya omu 4 iliyoandikwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90 kwa volti 2.83 kwa kweli inatoa 87 kwa wati 1. Watengenezaji hawadanganyi hapo, ila hawajisumbui kukukumbusha.

Chukua mfano: spika za desibeli 86 za omu 8, nawe umekaa mita 3. Mahali pa wazi sauti hushuka desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo mita 3 zinakata kama 9.5. Kuta za chumba zinarudisha kiasi, tuseme 3, na spika ya pili inaongeza 3 nyingine. Kwa wati 1 kila upande unabaki na kama desibeli 82.5 masikioni. Sasa, muziki uliorekodiwa bila kubanwa una vilele vinavyopanda desibeli 15 hadi 20 juu ya wastani. Msikilizaji wa wastani wa desibeli 75 atahitaji vilele vya 95, yaani wati 18 hivi. Anayependa wastani wa 85 atahitaji vilele vya 100 hadi 105, na hapo hesabu inaruka hadi wati 56 au 180. Badilisha spika ziwe za desibeli 92 na mahitaji yote yanagawanywa kwa nne.

Kila desibeli 3 zinadai nguvu maradufu. Tofauti ya wati 100 na wati 130 ni desibeli 1.1 tu, kwa hiyo usilipie toleo kubwa la kifaa kilekile kwa ajili hiyo peke yake.

Impidensi ndiyo inayoficha mengi. Spika inaandikwa "omu 8" lakini kwenye grafu inashuka hadi 3.2 mahali fulani kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 na 200, eneo lenye nguvu nyingi za muziki. Grafu hizi, pamoja na ya fezi, huchapishwa na majarida yanayopima vifaa, kwa mfano Stereophile la Marekani. Zitazame kwa pamoja. Spika ya omu 4 ambayo fezi yake ni sifuri haina shida. Spika ya omu 4 yenye fezi ya nyuzi 45 kwenye masafa hayohayo inazichosha transista za mwisho kana kwamba zimefungwa kwenye mzigo wa kama omu 1.5, kwa sababu mkondo unafika wakati volti haijafika na joto lote linabaki ndani ya transista. Hapo ndipo amplifaya yenye wati nyingi kwenye karatasi inapoanza kubana sauti, au kinga yake inakata muziki katikati ya wimbo bila sababu inayoonekana.

Kusoma karatasi ya amplifaya

Tamko la nguvu lisiloeleza masharti halina thamani. Lililo kamili linasema: wati ngapi, kwenye omu ngapi, chaneli zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na upotoshaji usiozidi asilimia ngapi. Marekani ililazimika kuweka kanuni juu ya jambo hili mwaka 1974 baada ya matangazo kupindukia. Ukiona nguvu imepimwa kwa hezi 1,000 tu, chaneli moja, upotoshaji asilimia 10, gawanya kwa mbili kisha endelea kuwa na shaka.

Baada ya hapo linganisha nguvu ya omu 8 na ya omu 4. Amplifaya inayotoa 100 kisha 200 ina transfoma na kapasita (vihifadhi vya umeme) za kutosha kutoa mkondo. Inayotoa 100 kisha 130 imeishiwa. Accuphase E-800 inatangaza wati 50 kwa omu 8 na 100 kwa omu 4. Pass Labs INT-25 ni 25 kisha 50. Kwa namba hizo zinaonekana dhaifu mbele ya vifaa vya nusu ya bei, lakini uwezo wao wa kutoa mkondo si mdogo hata kidogo. Jihadhari na ujanja mmoja: wengine hushusha kwa makusudi takwimu ya omu 8 ili hesabu ionekane imezidishwa mara mbili kamili. Ukweli utaujua kwenye vipimo huru vya omu 2.

McIntosh ni kesi ya pekee. Nyingi ya amplifaya zake kubwa zina transfoma maalumu kwenye njia ya kutokea, kwa hiyo nguvu inabaki ileile kwa omu 2, 4 na 8 mradi uunganishe waya kwenye terminali sahihi. Hapo kanuni ya kuongezeka maradufu haihusiki kabisa.

A, AB, D na valvu

Herufi hizi ni njia za kufanya kazi, si alama za mtihani.

Katika daraja A transista hazizimwi kamwe. Sauti haina mkwaruzo wa kupokezana kati ya transista za juu na za chini, lakini amplifaya ya wati 30 kwa chaneli inateketeza zaidi ya wati 120 hata ukiwa hujapiga chochote, na nyingi hupita 200. Mapezi ya kupozea yanafika joto ambalo mkono hauvumilii kwa muda mrefu. Kifaa cha namna hii hakiingii kabatini. Kiachie angalau sentimita 10 hadi 15 juu na nafasi pande zote, na kipe dakika 30 hadi 60 kipate joto kabla ya kukihukumu.

Daraja AB, ambamo transista za juu na za chini hupokezana, ndilo la wengi, na kwa spika ngumu katika chumba kikubwa mara nyingi ndilo jibu la busara: mkondo mwingi, joto la wastani, fundi yeyote mzuri analijua.

Daraja D, ambamo transista huwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa kisha kichujio hurudisha muziki, lilikuwa na sifa mbaya, na zamani ilistahili. Kichujio chake cha mwisho kilikaa nje ya mzunguko wa kujisahihisha, kwa hiyo sauti za juu zilibadilika kulingana na spika iliyofungwa. Miundo ya sasa, kama Hypex Ncore na Purifi Eigentakt iliyomo ndani ya NAD M33, inajisahihisha baada ya kichujio na tatizo hilo limekwisha. Anayeikataa kwa sababu ya alichosikia miaka ishirini iliyopita anajinyima. Udhaifu uliobaki ni matengenezo: moduli ikifa hairekebishwi, inabadilishwa nzima, na hiyo inategemea kama bado inatengenezwa.

Valvu, yaani mirija ya kioo iliyotangulia transista, zinataka spika za kuzifaa. Jozi ya valvu za EL34 inatoa wati 35 hadi 40; valvu moja ya 300B inatoa kama 8. Impidensi ya kutokea, yaani ya amplifaya yenyewe upande wa spika, huwa kubwa. Tuseme ni omu 2, na spika yako inapanda na kushuka kati ya omu 4 na 20: kwenye omu 4 unapoteza desibeli 3.5, kwenye omu 20 unapoteza 0.8. Tofauti ya desibeli 2.7 inasikika wazi, na ndiyo sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita "joto" la valvu. Kama unaipenda, sawa, lakini jua itabadilika ukibadilisha spika. Jaribu terminali za omu 4 hata kama spika imeandikwa 8. Na usiiwashe kamwe bila spika kufungwa: transfoma ya kutokea inaweza kuungua.

Dampingi: namba inayouza bila kusaidia

Dampingi ni impidensi ya spika ikigawanywa kwa impidensi ya kutokea ya amplifaya. Hegel H390 inatangaza dampingi ya zaidi ya 4000, maana yake impidensi ya kutokea ya omu 0.002 dhidi ya spika ya omu 8. Ni uhandisi mzuri. Lakini fuata mkondo hadi kwenye spika. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, urefu wa mita 3, una mita 6 za kwenda na kurudi, sawa na omu 0.041. Ukijumlisha, dampingi inayofika kwenye spika ni kama 185. Amplifaya yenye dampingi 200 kwa waya huohuo ingefika karibu 100. Kwa vyovyote, koili ya spika yenyewe ina omu kadhaa ndani yake. Ukishapita 100 hivi, acha kuilipia, na weka fedha kwenye waya mnene: milimita mraba 2.5 kwa mita 3, na 4 ukienda mita 5 au zaidi.

Kuna kampuni zenye masharti ya waya. Naim kwa miaka mingi imetaka waya wa spika usiopungua mita 3.5 kwa sababu ya jinsi hatua yake ya mwisho ilivyobuniwa. Masharti ya aina hii yasome kwenye kitabu kabla ya kununua, si baada.

Volyumu na mnong'ono

Hili ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo utakaloishi nalo kila siku.

Wati 100 kwenye omu 8 ni volti 28.3. Amplifaya nyingi zinafikia hapo kwa kuingiziwa volti 0.2 tu. Kicheza CD kinatoa volti 2, na njia ya XLR (soketi ya pini tatu) mara nyingi inatoa 4. Una desibeli 20 hadi 26 usizozihitaji, kwa hiyo kitasa chote kinaishi kwenye robo ya kwanza ya mzunguko. Kwenye potensiomita (kidhibiti cha kuzungusha) ya kawaida, robo hiyo ndiyo ambayo chaneli mbili zinatofautiana zaidi: mwimbaji anayepaswa kuwa katikati anasogea upande mmoja usiku unaposikiliza kwa sauti ya chini. Jaribu dukani hivi: piga rekodi ya mono, shusha volyumu hadi inakaribia kuzimika, kisha sikiliza kama sauti inabaki katikati. Kama inahama, chagua kifaa chenye volyumu ya rilei (swichi za umeme) na rizista, ya hatua za desibeli 0.5, au chenye uwezo wa kupunguza nguvu ya kila ingizo kwenye menyu. Hatua za desibeli 2 zitakuudhi: moja ndogo mno, inayofuata kubwa mno.

Kisha mnong'ono, yaani kelele ya amplifaya yenyewe. Chagua ingizo lisilo na kitu, sogeza sikio hadi sentimita 5 kutoka kwenye twita (spika ndogo ya sauti za juu). Kelele ya milivolti 1 iko desibeli 69 chini ya volti 2.83. Kwenye spika ya desibeli 86 hiyo ni 17 kwa mita 1, husikii. Kwenye spika ya honi ya desibeli 100 ni 31, na chumba kikiwa kimya utaisikia ukiwa umekaa. Wenye spika za honi watafute amplifaya yenye kelele isiyozidi milivolti 0.1 hadi 0.2.

Mvumo unaotoka kwenye kasha lenyewe, si kwenye spika, mara nyingi ni transfoma ya duara inayotikiswa na mkondo mnyoofu uliochanganyika kwenye umeme wa nyumba. Kifaa kilichokuwa kimya dukani kinaweza kuvuma kwako. Hiyo ni sababu tosha ya kudai jaribio la nyumbani.

Nyuma ya kasha

Hesabu vyanzo ulivyonavyo, ongeza viwili, basi. Soketi za XLR zina maana kama waya ni mrefu au kuna mvumo wa ardhi. Amplifaya nyingi zina XLR kwa mapambo, kwani ndani ishara inarudishwa kuwa ya kawaida mara moja. Kwa sabwufa, tafuta njia ya kutokea inayofuata volyumu. Kwa televisheni, HDMI ARC (soketi ya HDMI inayopokea sauti ya televisheni) ni raha kuliko waya wa mwanga kwa sababu rimoti moja inatosha. Kwa sinema ya nyumbani, hakikisha kuna ingizo linaloruka volyumu.

Fono, yaani ingizo la santuri, inataka umakini. Katriji (kichwa chenye sindano) ya sumaku inayotembea inatoa kama milivolti 5 na inahitaji mzigo wa kilo-omu 47. Ya koili inayotembea inatoa milivolti 0.2 hadi 0.5, inahitaji ukuzaji wa kama desibeli 60 na mzigo unaobadilishika, mara nyingi karibu na omu 100. Soketi iliyoandikwa "phono" bila maelezo zaidi karibu kila mara ni ya aina ya kwanza tu.

DAC ya ndani (sehemu inayogeuza muziki wa kidijitali kuwa analogi) inazeeka haraka kuliko sehemu nyingine yoyote. Amplifaya inaweza kudumu miaka 25. Programu yake ya kupokea muziki wa mtandaoni ikiacha kusasishwa baada ya miaka 6, unabaki na skrini isiyo na kazi. Bora moduli inayochomoleka, au amplifaya ya analogi tupu na kisanduku cha mtandao pembeni.

Onyo moja kuhusu terminali nyeusi. Kwenye baadhi ya amplifaya za daraja D na zile zinazosukuma spika kutoka terminali zote mbili (full bridge), terminali nyeusi haijaungwa na ardhi. Nayo inabeba ishara. Ukiunganisha hasi za kushoto na kulia pamoja, au ukifunga sabwufa kwa waya wa spika bila kusoma kitabu, umetengeneza shoti.

Volti za umeme

Japani inatumia volti 100, Marekani 120, sehemu kubwa ya Ulaya 230. Amplifaya iliyoagizwa kutoka soko jingine kwa sababu ni rahisi inaweza kuwa na transfoma isiyobadilishika. Kifaa cha 120 kwenye 230 kinakufa papo hapo. Kifaa cha 100 kwenye 120 ni mbaya zaidi kwa namna yake, kwa sababu kinafanya kazi: kinapata joto kupita kiasi, kapasita zinachakaa, na baada ya muda kinaanza kukorofisha. Soma kibandiko cha nyuma, piga picha namba ya mfululizo, uliza wakala kama dhamana inaitambua.

Kulinganisha masikioni

Jaribu kwa spika zako, chumbani kwako, amplifaya mbili kwa wakati mmoja. Sharti moja halikwepeki: viwango vya sauti vilingane. Ile iliyo juu kwa nusu desibeli itasikika "wazi zaidi" na "yenye uhai" hata kama ni kifaa kilekile.

1. Piga mlio wa hezi 400 kwa kiwango cha chini.
2. Weka multimita kwenye volti za AC, gusisha kwenye terminali za spika bila kugusanisha ncha.
3. Pandisha hadi volti 1.00 kwenye amplifaya ya kwanza. Weka alama kwenye kitasa au andika namba ya skrini.
4. Zima, hamisha waya, washa ya pili. Ifikishe kati ya 0.98 na 1.02. Hiyo ni tofauti isiyozidi desibeli 0.2.
5. Zima vidhibiti vya besi na vya sauti za juu, na marekebisho ya chumba kama yapo.

Tumia vipande vya sekunde 30 hadi 60 unavyovijua kwa moyo: fidla kubwa ya besi (double bass) isiyo na mwangwi, kwaya kubwa, piano peke yake, na sauti ya mtu. Sikiliza mwisho wa noti za besi, maana mwanzo wake karibu kila amplifaya inaupiga vizuri. Kisha pandisha hadi kiwango chako cha juu kabisa na usikilize kwaya ikijaa: kama waimbaji wanaungana kuwa ukuta mmoja mgumu, mkondo umeisha. Muuzaji akisema kifaa kinahitaji saa mia tatu "kufunguka", jua kwamba kinachobadilika zaidi katika saa hizo ni masikio yako, na muda wa kurudisha bidhaa.

Ukinunua iliyotumika

Katika ngazi hii bidhaa ya mkono wa pili ina mantiki sana, kwa kuwa kifaa kinapoteza thamani haraka kuliko kinavyochakaa. Zungusha kila kitasa na kila swichi muziki ukipiga. Mkwaruzo unaopotea baada ya kuzungusha mara kadhaa ni vumbi, usiopotea ni potensiomita iliyokwisha. Sikiliza rilei zikishika: chaneli inayochelewa au kurudi tu ukipandisha sauti ina ncha zilizoungua. Ikiwa na zaidi ya miaka 20, weka gharama ya kapasita mpya kwenye hesabu. Daraja A linafika hapo mapema zaidi kwa sababu ya joto.

Mwisho, kwa amplifaya ya transista pekee: ondoa spika, shusha volyumu hadi sifuri, washa, subiri dakika 10, kisha pima volti za DC kwenye terminali za kila chaneli. Chini ya milivolti 20 ni safi. Hadi 50 inakubalika. Ikipita 100, isiguse spika zako mpaka fundi aifungue.